Pima Kinachofika Mlangoni: Mwongozo wa Kupima na Kulinganisha Huduma za Serikali za Mitaa Mjini Moshi

Kwenye mkutano mmoja wa mtaa wetu ilisomwa taarifa kwamba gari la taka limefanya kazi mwezi mzima kama ratiba inavyotaka. Mama mmoja aliyekaa benchi la nyuma akasimama, akasema viroba vyake viwili vimelala getini siku kumi na moja mpaka mbwa wamevichana. Mwenyekiti akamwambia, "Mama, gari lilipita." Mama akajibu, "Mwenyekiti, sijasema halikupita. Nimesema taka ziko pale."

Wote wawili walisema kweli. Gari lilipita barabara ya lami. Nyumba ya mama iko ndani, kwenye kichochoro ambacho gari haliingii, na kijana wa mkokoteni aliyekuwa akitoa taka za huko alishaacha kazi. Ofisi ilihesabu safari za gari, mama alihesabu taka zilizoondoka. Ubishi ule ulichukua nusu saa na haukuisha, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na daftari.

Mwongozo huu ni kwa mkazi wa kawaida, mjumbe wa kamati ya mtaa, mwalimu aliye kwenye kamati ya shule, kikundi cha vijana au diwani anayetaka kwenda kikaoni na kitu mkononi. Mifano mingi ni ya Moshi kwa sababu ndiko ninakoishi, lakini mtu wa Arusha, Same au Babati anaweza kuufuata vilevile. Unahitaji kaunta buku, kalamu, simu yenye saa, na uvumilivu wa miezi mitatu.

Hatua ya kwanza: jua huduma ni ya nani

Watu wengi hukosea hapa, na kosa hili huharibu kazi yote inayofuata. Mkazi hukasirikia "manispaa" kwa kila kitu, kumbe nusu ya anachokilalamikia hakimo mikononi mwa manispaa.

Maji ya bomba mjini Moshi ni ya mamlaka ya maji, MUWSA, ambayo eneo lake la huduma linavuka mipaka ya manispaa. Vijijini kazi hiyo ni ya RUWASA, iliyoanzishwa kwa sheria ya maji ya mwaka 2019. Barabara za mitaani zimekuwa za TARURA tangu 2017, barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Umeme ni TANESCO. Hospitali ya Mawenzi ni ya rufaa ya mkoa, na KCMC ni ya rufaa ya kanda. Manispaa yenyewe inabaki na mengi: zahanati na vituo vya afya vya umma, shule za msingi na sekondari za serikali, taka, masoko, stendi, leseni za biashara, vibali vya ujenzi, ustawi wa jamii, na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake (4), vijana (4) na watu wenye ulemavu (2).

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari lako andika mistari mitatu: huduma ninayopima, mwenye wajibu wa kuitoa, na mtu nitakayempelekea matokeo. Mstari wa tatu ukikushinda kuujaza, usianze kupima. Nenda kwa mtendaji wa kata, muulize.

Kuna huduma zenye wenyewe wawili. Mtaro wa maji ya mvua ulioziba ni mfano mzuri: mtaro ulijengwa pamoja na barabara, lakini kilichouziba ni taka ambazo hazikuzolewa. Hapo pima vyote viwili, kila kimoja na mwenyewe, la sivyo kila ofisi itakuelekeza kwa mwenzake.

Hatua ya pili: swali moja tu

Kikundi kipya hupenda kupima kila kitu, afya, elimu, taka, barabara, soko. Mwezi wa pili daftari limekufa. Chagua huduma moja, kisha andika swali ambalo linajibika kwa namba au kwa ndiyo na hapana.

"Huduma ya zahanati ikoje?" halipimiki. "Kati ya wagonjwa walioandikiwa dawa leo, wangapi walitoka na dawa zote dirishani?" linapimika. "Usafi wa soko ukoje?" halipimiki. "Saa kumi na mbili jioni, vizimba vingapi vya taka sokoni vimejaa hadi kumwagika?" linapimika, na mtoto wa darasa la sita anaweza kulijibu.

Hatua ya tatu: chagua mahali pa kupimia kwenye mnyororo

Kila huduma ina pete nne zilizofuatana. Kwanza kinachoingia: fedha, watumishi, mafuta ya gari, dawa kutoka bohari. Pili kazi inayofanyika: safari za gari, siku za kliniki, vipindi darasani. Tatu kinachomfikia mtu: kiroba kilichoondoka, dawa iliyopokelewa, daftari lililosahihishwa. Nne matokeo ya baadaye: kuhara kumepungua, mtoto anasoma.

Taarifa za ofisini huishia pete ya kwanza na ya pili, na sioni ajabu, kwa kuwa ndizo zinazoonekana ukiwa umekaa ofisini. Pete ya nne ni ngumu kwa mkazi, kwani kuhara kunaweza kupungua kwa sababu nyingi ambazo hazihusiani na gari la taka. Ya tatu ndiyo yetu sisi wakazi. Hakuna ofisi inayoweza kuipima vizuri kuliko mtu aliyesimama getini kwake. Elekeza nguvu zako hapo, halafu pete ya kwanza na ya pili uzitumie kutafuta sababu: dawa hazikutoka dirishani kwa sababu hazikuletwa, au zililetwa na haziko?

Kila kipimo kipe mwenzake wa kukilinda. Ukipima muda wa kusubiri peke yake, kituo kinaweza kumwandikisha mgonjwa upesi mapokezi kisha akakaa saa mbili mbele ya chumba cha daktari. Mwenza wa muda ni "alitoka na alichokifuata?" Ukipima idadi ya vibali vya ujenzi vilivyotolewa, mwenza wake ni siku ambazo mwombaji alisubiri. Ukipima makusanyo ya ada ya taka, mwenza ni kaya ngapi zilizolipa zilizolewa taka wiki hiyo.

Hatua ya nne: daftari

Chukua kaunta buku, piga mistari. Kwa taka, safu zangu ni tarehe, siku, saa, nyumba, taka ziliwekwa nje (ndiyo au hapana), ziliondoka zote, baadhi au hazikuondoka, na maelezo. Safu ya maelezo iwe pana, maana ndiyo itakayokuokoa baadaye. "Mvua kubwa, gari limekwama kwenye kona ya shule" ni maneno machache yanayofanya siku mbaya ieleweke.

Kabla ya siku ya kwanza kaeni wote mnaopima mkubaliane maana ya kila neno. "Taka zimeondoka" ni nini? Sisi tuliamua kwamba kiroba kikibaki hata kimoja ni "baadhi". Kijana mwingine alikuwa ameanza kuandika "zote" hata pale wazoaji walipoacha majani ya migomba chini. Wiki yake ya kwanza tuliifuta, ikatuuma.

Saa ndiyo iliyotusumbua kuliko yote. Mama mmoja wa kikundi chetu aliandika gari limefika 1:10, binti yake aliyeshika zamu ya kesho yake akaandika 7:10. Ni saa ileile, saa moja na dakika kumi asubuhi, ila mmoja aliandika kwa saa yetu na mwingine kama inavyosoma simu. Tulipojumlisha, ilionekana gari linafika asubuhi siku moja na saa saba mchana siku nyingine. Kubalianeni siku ya kwanza: ama kila mtu aandike kama simu inavyosoma kwa mtindo wa saa 24, ama kila mtu aandike kwa Kiswahili na aongeze asubuhi, mchana, jioni au usiku. Andikeni uamuzi huo juu ya kila ukurasa.

Andika hapo hapo, usingoje jioni. Kumbukumbu ya jioni huwa na hasira ya siku nzima ndani yake.

Siku usiyopima, andika "sikupima". Usiache nafasi tupu, kwa sababu baada ya miezi miwili hutajua kama tupu ile ilikuwa "hakuna gari" au "nilikuwa msibani".

Ukipima zahanati au shule, usijipenyeze. Zahanati ina kamati ya usimamizi na shule ina kamati ya shule, na zote zina wajumbe wanaotoka kwa wananchi. Pitia huko, mpe mganga mfawidhi au mwalimu mkuu heshima yake, mwonyeshe safu za daftari. Usiandike jina la mgonjwa wala ugonjwa wake. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 jambo hilo si la adabu pekee. Andika namba: mgonjwa wa 1, wa 2, wa 3. Saa aliyoingia, saa aliyotoka, dawa zote, baadhi, hakuna. Yatosha.

Hatua ya tano: kuuliza watu

Kuna mambo ambayo macho hayaoni, lazima uulize. Na hapa tabia yetu njema inatuponza. Mgeni akibisha hodi na daftari, akauliza "Mnaridhika na huduma?", atajibiwa "Tunashukuru Mungu", "Siyo mbaya", "Wanajitahidi". Ni majibu ya ukarimu. Hayakuambii kitu kuhusu zahanati. Nimewahi kuhojiana na bibi aliyesema huduma ni nzuri sana, kisha nikiwa nakunywa chai aliyonikaribisha akanisimulia, bila kuulizwa, jinsi alivyorudishwa mara tatu na cheti cha dawa mkononi.

Toka siku ile siulizi tena unaonaje. Nauliza mara ya mwisho. "Shikamoo mama. Mara ya mwisho mtu wa nyumba hii kwenda zahanati ilikuwa lini? Mlifika saa ngapi? Mlionwa na daktari siku hiyohiyo? Mliandikiwa dawa ngapi, mlipewa ngapi pale dirishani? Zilizobaki mlinunua wapi?" Mtu akisimulia safari moja anakumbuka vizuri na hana haja ya kumsifu wala kumlaumu mtu. Usikubali safari ya miaka miwili nyuma. Weka kikomo cha miezi mitatu.

Nani wa kuulizwa? Usiulize watu wa kijiweni tu, wala waliokuja mkutanoni, maana waliokuja ni wenye muda au wenye hasira. Chukua rejista ya wakazi kwa mtendaji wa mtaa. Kama mtaa una kaya 300 na unataka kuhoji 60, ni kila kaya ya tano. Andika namba 1 hadi 5 kwenye vikaratasi, mtoto avute kimoja: akivuta 3, anza kaya ya tatu, kisha ya nane, ya kumi na tatu, uende hivyo hivyo hadi mwisho. Kaya uliyoangukia usipoikuta, rudi jioni, rudi Jumamosi. Usiruke kwa jirani kwa sababu yeye yupo. Anayekuwepo mchana wa Jumatano si sawa na anayekuwa kazini.

Kumbuka pia kwamba nyumba si kaya. Kwenye nyumba za vyumba vya kupanga, kama zilivyo nyingi Pasua, Majengo au Njoro, geti moja linaweza kuwa na kaya sita. Ukimhoji mwenye nyumba peke yake umewaacha watano, na mara nyingi ndio wasiojua hata mwenyekiti wao wa mtaa anakaa wapi.

Hatua ya sita: hesabu

Hesabu zinazohitajika ni tatu tu, lakini zikikosewa zinadanganya vibaya.

Ya kwanza ni kutafuta namba ya katikati badala ya kutegemea wastani. Chukua wagonjwa watano waliosubiri dakika 20, 25, 30, 35 na 190. Wastani wao ni dakika 60, ingawa hakuna hata mmoja aliyesubiri dakika 60. Wapange kutoka mdogo hadi mkubwa, chukua wa katikati: 30. Hiyo ndiyo safari ya mtu wa kawaida. Kisha mtaje na yule wa 190 kwa nafasi yake, usimzike, kwa kuwa huenda ni mjamzito aliyekuja siku ambayo nesi alikuwa peke yake.

Ya pili ni kugawa. Namba tupu hailinganishwi. Kwa sensa ya 2022 Manispaa ya Moshi ilikuwa na watu 221,733 na Jiji la Arusha watu 617,631, karibu mara 2.8. Kwa hiyo mtu akisema Arusha ina magari ya taka mara mbili ya Moshi, tuseme mfano, hajasema Arusha inahudumiwa vizuri zaidi. Kwa kila mtu ina pungufu. Gawa kwa watu, kwa kaya, kwa wanafunzi, kwa kilomita, kutegemea unachopima. Shuleni viwango vinafahamika: mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 wa msingi, tundu moja la choo kwa wasichana 20 au wavulana 25. Hesabu wanafunzi, hesabu matundu yanayofanya kazi (fungua mlango uone, usihesabu milango), gawa.

Ya tatu ni kujua ukubwa wa kosa lako. Ukihoji watu 100 waliochaguliwa kwa kura, asilimia utakayopata inaweza kupotoka hadi kama 10 juu au chini. Watu 400, kama 5. Kwa hiyo mtaa wenu ukipata asilimia 62 na wa jirani 58, kila mmoja ukiwa umehoji watu 100, hakuna mshindi. Semeni mko sawa.

Hatua ya saba: kulinganisha

Hapa ndipo penye utamu na ndipo penye hatari. Ulinganisho mbaya unamwonea mtumishi anayejituma na unamficha mzembe.

Ulinganisho ulio salama kuliko wote ni wa wewe na wewe: zahanati yenu mwezi huu na zahanati yenu miezi iliyopita. Mazingira ni yaleyale, watu ni walewale. Ila chunga majira. Masika, kati ya Machi na Mei, njia za udongo hazipitiki na malaria huongezeka. Desemba mji wetu unafurika, Wachaga wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko kwa ajili ya Krismasi, na taka, foleni na matumizi ya maji hupanda vyote kwa pamoja. Ukilinganisha Desemba na Februari utasema manispaa imefanya miujiza. Linganisha Aprili na Aprili, Desemba na Desemba.

Ulinganisho wa pili ni dhidi ya ahadi au kiwango kilichoandikwa. Ofisi nyingi za umma zina mkataba wa huduma kwa mteja unaotaja siku au saa za kutoa huduma fulani, na wakati mwingine umebandikwa ukutani pale pale unapopanga foleni. Usome. Hakuna ulinganisho wenye nguvu mbele ya mkurugenzi kama ule wa ofisi na maneno yake yenyewe.

Wa tatu, mgumu, ni mtaa na mtaa, kata na kata. Moshi ina kata 21, na hazifanani hata kidogo. Mawenzi, Kiusa na Bondeni ziko katikati, zina lami na maduka. Msaranga, Shirimatunda na Ng'ambo ziko pembezoni, nyumba zimetawanyika. Gari la taka linaloingia Bondeni na linaloingia Msaranga hayafanyi kazi ileile. Kabla ya kulinganisha, tafuta mwenzako wa kufanana naye: umbali kutoka mjini, aina ya njia, msongamano wa nyumba, kipato. Kata ya pembezoni ipimane na ya pembezoni. Vilevile usiilinganishe manispaa na Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, yenye miteremko ya Kibosho, Uru na Marangu, bila kueleza kwamba hizo ni dunia mbili.

Tazama pia nani anatumia huduma. Kituo cha afya kilicho karibu na soko kubwa au stendi hupokea watu wasiolala kwenye kata hiyo. Ukigawa wahudumu wake kwa wakazi wa kata peke yao, utaona kina nafuu ambayo hakina.

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora kumi na watahiniwa bora. Hoja mojawapo ilikuwa hiyohiyo: shule hazifundishi katika mazingira yanayofanana. Mimi naona lilifanya sawa kuhusu orodha ya washindi, lakini isieleweke kwamba shule zisilinganishwe kabisa. Kinachofaa ni kuuliza shule hii imemtoa mtoto wapi na kumfikisha wapi. Shule iliyopokea watoto wasiojua kusoma wakafika kusoma imefanya kazi kubwa kuliko iliyopokea wanaojua.

Mkimpata aliyewazidi mkiwa mnafanana, msiishie kwenye kumsifu. Mtembeleeni. Sisi tulikwenda mtaa jirani ambao taka zake zilikuwa zinaondoka vizuri kuliko zetu, wenye vichochoro kama vyetu na gari lilelile. Tulikuta wamekubaliana mahali pamoja pa kukusanyia, kwenye kona ambayo gari linafika, na kijana wa mkokoteni analipwa na kaya kila Jumamosi, mbele ya mjumbe, kwa orodha. Kwetu alikuwa analipwa kwa kubembeleza. Safari ile ya dakika ishirini kwa miguu ilitufundisha kuliko jedwali letu zima.

Hatua ya nane: takwimu zilizopo tayari

Huna haja ya kupima kilichokwishapimwa, ila ujue kila ripoti inajibu swali gani.

EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, hutoa kila mwaka ripoti ya utendaji wa mamlaka za maji na kuzipanga, MUWSA na AUWSA ya Arusha zikiwemo. Angalia saa za huduma kwa siku na upotevu wa maji, ambao kiwango kinachovumilika ni asilimia 20. Kumbuka tu kwamba saa za huduma ni za eneo zima. Bomba lako linaweza kuwa na hadithi nyingine.

Vituo vya afya vilianza kupewa nyota mwaka 2015, kuanzia sifuri hadi tano. Uliza kituo chenu kilipata ngapi na kilipungukiwa wapi.

Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali kuhusu serikali za mitaa huwasilishwa bungeni mwezi Aprili. Watu hukimbilia aina ya hati. Hati inayoridhisha maana yake hesabu zimeandaliwa kwa kufuata kanuni za uhasibu; haisemi kwamba dawa zipo. Soma hoja za ukaguzi zinazohusu halmashauri yako, huko ndiko kwenye nyama.

TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, imewahi kutangaza halmashauri zilizoongoza kwa kukusanya mapato kwa njia mbili, kwa asilimia ya lengo na kwa shilingi, na majina yakawa tofauti. Halmashauri iliyojiwekea lengo dogo hufika asilimia 100 mapema. Ukisikia "tumevuka lengo", uliza lengo liliwekwaje.

Idadi ya watu kwa kata ipo kwenye matokeo ya sensa ya 2022, na ndiyo ya kugawia.

Usipopata unachotaka, andika barua kwa mkurugenzi ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa siku 30 kukujibu. Barua iwe na jambo moja lenye mipaka: "Naomba ratiba ya kuzoa taka ya kata yetu na idadi ya safari zilizofanyika kati ya Julai na Septemba mwaka huu." Ukiandika "naomba taarifa zote za usafi", utakuwa umempa afisa sababu ya kuiweka chini ya faili nyingine. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya tisa: kupeleka matokeo

Anza na aliyepimwa. Mpelekee mganga mfawidhi, mwalimu mkuu au afisa afya wa kata matokeo kabla ya mkutano wowote, mpe wiki moja aeleze. Mara mbili maelezo yake yalibadilisha hesabu zangu: mara moja tarehe niliyoandika "zahanati imefungwa" ilikuwa siku ya chanjo, wahudumu wote wako shuleni. Mtu aliyepewa nafasi hiyo huja mkutanoni kama mwenzako. Asiyepewa huja kujitetea, na mkutano unaishia hapo.

Kisha peleka mkutano mkuu wa mtaa, halafu kamati ya maendeleo ya kata ambako diwani ni mwenyekiti, halafu diwani ayabebe hadi baraza la madiwani, ambalo hukaa kila robo mwaka na wananchi wanaruhusiwa kusikiliza. Karatasi moja tu. Juu, swali. Chini yake, namba mbili au tatu. Chini yake, mlipimaje, siku ngapi, watu wangapi, na kwamba hii ni hesabu ya wakazi, si takwimu rasmi. Mwisho, ombi moja lenye tarehe. "Tunaomba mahali pa kukusanyia taka pawekwe kwenye kona ya shule kabla ya tarehe 30 mwezi ujao" linaweza kukubaliwa au kukataliwa. "Tunaomba huduma iboreshwe" litakubaliwa na wote na hakuna kitakachofanyika.

Angalia kalenda. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini bajeti hupikwa mapema sana, na baraza huipitisha mwanzoni mwa mwaka. Hoja inayohitaji fedha ikifika Machi imechelewa mwaka mzima. Pimeni Agosti hadi Oktoba, ifike kata Novemba. Isiyohitaji fedha, kama kubadilisha saa ya gari au kufungua dirisha la dawa mapema, ipelekeni wakati wowote.

Hatua ya kumi: rudia

Kipimo cha mara moja ni malalamiko yenye namba. Mjini Bangalore, India, wakazi wakiongozwa na Samuel Paul walitoa kadi yao ya kwanza ya kuzipa alama idara za mji mwaka 1994. Idara nyingi hazikutikisika. Wakarudia 1999, wakarudia 2003, maswali yakibaki karibu yaleyale, na kufikia kadi ya tatu kuridhika kwa wakazi kulikuwa kumepanda sana.

Viongozi wetu wa mitaa walichaguliwa 27 Novemba 2024 kwa miaka mitano, kwa hiyo bado kuna muda wa kupima zaidi ya mara moja kabla ya kura nyingine. Tumieni swali lilelile, safu zilezile, miezi ileile. Mkilazimika kubadilisha neno moja kwenye swali, andikeni kwenye daftari lini na kwa nini. Na daftari lisikae kwa mtu mmoja. Letu la kwanza lilihamia Dodoma pamoja na kijana aliyelishika. La pili lina picha ya kila ukurasa kwenye simu za watu watatu, na lenyewe linakaa kwa yule mama wa viroba viwili, kwenye kabati la vyombo, pamoja na kalamu yake.